Simu haikuiua runinga, imechukua mikono

Tangu Bunge la Australia lilipopitisha, Novemba 2024, sheria ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao ya kijamii, na zaidi tangu sheria hiyo ianze kutumika Desemba 2025, mjadala wa simu na malezi umetua kwetu pia. Nausikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, kwenye mahubiri na mawaidha. Maneno karibu ni yale yale: zamani tulikaa sebuleni pamoja, tukatazama runinga na kuzungumza; sasa kila mtu ameinamia simu yake, runinga imekufa na familia iko njiani kuifuata. Wanaosema hivyo wana uchungu wa kweli, nami siwabezi. Ila naona wamekosea mahali penye maumivu. Runinga haijafa, na ule ukaribu wa sebuleni tunaoulilia haukuletwa na runinga. Kilichoondoka hakikuwa kwenye kioo, kilikuwa mapajani: uzi wa kufumia, kitana, ukili wa mkeka, redio mbovu iliyofunguliwa juu ya gazeti. Runinga ilituachia mikono yetu. Simu imeichukua, na tusipoliona hilo tutapigana vita na adui asiyehusika.

Historia yenyewe tumeichanganya, maana hiyo "zamani" tunayoitaja haiko mbali kama tunavyodhani. Kenya ilikuwa na matangazo ya televisheni tangu 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Zanzibar ikapata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe au hazina televisheni kabisa. Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu runinga kuwa anasa kwa nchi yenye uhaba wa madawati na dawa. Mtanzania wa Bara mwenye miaka 45 leo amekulia redioni, kwenye RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam. Runinga ilipofika, ilifika moja kwa mtaa mzima. Ndala zilijaa mlangoni, watoto wakaning'inia dirishani, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuizima katikati ya mchezo kwa sababu ya usingizi wake au ya ugomvi wake na baba wa mtoto fulani. Asiye na jirani wa namna hiyo alilipa kiingilio akaingia kibanda umiza. Tulikaa pamoja kwa sababu runinga ilikuwa moja na watu thelathini. Uhaba ulitukusanya, na ni haki kuusema wazi kabla ya kuusifu. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, watu wakahangaikia ving'amuzi. Runinga za chogo zikaanza kuhamia kwa mafundi na stoo, na zile bapa zikapanda ukutani.

Hapo ndipo kitambaa kilipoanguka. Aliyekulia katika nyumba yenye runinga ya chogo anakijua: cheupe au cha rangi ya maziwa, kimefumwa kwa kroshia, kimewekwa juu ya runinga kwa kona, pembe moja ikining'inia mbele na kufunika kidogo sehemu ya juu ya kioo, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Vingine vilikaa kwenye migongo ya makochi, kwenye mikono ya makochi, juu ya redio ya kaseti, juu ya meza ndogo za wageni. Runinga bapa haina mgongo wa kuwekea kitu. Watu wanacheka wakikumbuka vile vitambaa na kuviita ushamba, lakini jiulize vilifumwa wapi na saa ngapi. Vilifumwa mbele ya runinga ile ile, kati ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku na saa ya kulala. Mama yangu alifuma seti nzima ya makochi ya nyumbani kwetu, vipande kumi na viwili, huku akifuatilia tamthilia bila kupitwa na jambo. Umeme ulipokatika aliendelea gizani, vidole vikihesabu vyenyewe, sisi tukitafuta kibiriti.

Kila chombo kinadai sehemu yake ya mwili, na hili naliona ndilo linalorukwa katika mjadala mzima. Redio inataka masikio peke yake. Msikilizaji anaweza kulima, kusuka nyavu, kupika, kuendesha gari. Runinga inataka masikio na nusu ya macho, yaani macho yanayokwenda na kurudi. Simu inataka macho yote, tena kwa karibu, na juu yake inataka mkono mmoja wa kushika na kidole gumba cha kusukuma, maana usiposukuma hakuna kinachokuja. Video fupi imetengenezwa hivyo: inaisha kabla hujapata nafasi ya kugeukia jambo jingine, na kinachofuata kinakungoja chini ya kidole. Mtu anayetazama runinga kwa saa tatu anaweza kuamka na kofia nusu imeshonwa. Mtu anayetazama simu kwa saa tatu anaamka na shingo inauma.

Kwa kipimo hicho mambo mengine yanaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake, wahusika wote wakiongea Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye zikaja za Kituruki kwenye televisheni ya Azam, nazo zikazungumza Kiswahili, na nyumba nyingi zikapanga chakula cha usiku kwa kufuata saa zake. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu wanapenda lugha yao. Ni kweli, lakini hayatoshi, maana tamthilia za Kifilipino na za Kimarekani zilishapata wapenzi wengi tu bila Kiswahili. Tofauti kubwa ni kwamba tamthilia yenye maandishi chini ya kioo inakufunga macho. Anayekata bamia hawezi kusoma. Ikitiwa sauti, mama anaitazama kwa masikio, ananyanyua kichwa pale tu sauti inapobadilika, halafu anarudi kwenye bamia zake. Kiswahili kiliwarudishia watazamaji mikono yao, na vituo vilivyolifanya hilo vilivuna.

Nije kwenye mazungumzo, maana ndiyo yanayoliliwa zaidi. Watu wawili waliokaa kutazamana bila kazi mkononi hawaongei kwa urahisi, hasa mzazi na mtoto wa miaka kumi na sita. Kukaa hivyo ni kama kuitwa ofisini. Lakini mkalishe binti chini asukwe, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya shangazi yake, macho yote mawili yakielekea kwenye runinga, na utasikia habari ambazo hazingetoka kwa kuhojiwa. Wazee wa bao wanalijua hili: kete ziko mkononi, macho yako kwenye mashimo, na katikati ya mchezo mtu anasema kwamba mwanawe ameacha kazi. Mimi nilimwambia mama yangu kwamba sitaendelea na masomo niliyochaguliwa jioni moja ya namna hiyo. Hakuinua kichwa. Aliniambia, "Ngoja nimalize mstari," akamaliza, akakunja uzi kwenye kidole, ndipo akauliza kwa nini. Ile dakika ya mstari mmoja ilinipa pumzi, na naamini ilimpa na yeye. Simu haina mstari wa kumalizia. Anayezungumzishwa akiwa kwenye simu anaitikia "mh", na mwenye jambo zito analirudisha moyoni.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili. Iliyo dhaifu kuliko zote ni hii ya kwamba runinga imekufa na vijana hawaitazami tena. Pita Kariakoo uone runinga bapa zilivyopangwa mpaka barabarani. Kumbuka Agosti 2025, michuano ya soka ya CHAN ilipochezwa Tanzania, Kenya na Uganda, jinsi baa, vibanda na sebule zilivyojaa; na kila Simba na Yanga zikikutana hakuna anayetaka kuona bao kwenye kioo cha kiganjani kama kikubwa kipo. Mwaka 2027 AFCON inakuja katika nchi hizo hizo tatu na tutayaona tena. Zaidi ya hayo, tazama vijana wanatazama nini kwenye simu: vipande vya tamthilia, mabao, mahojiano, taarifa ya habari iliyokatwakatwa. Sehemu kubwa ya chakula cha simu kimepikwa na runinga. Utazamaji haujafa, umehamia kitandani. Kwa hiyo anayesema tuirudishe runinga sebuleni ili tupone anaagiza dawa ambayo tayari imo ndani ya nyumba.

Hoja yenye nguvu inatoka kwa wanawake, nami nimeisikia mara nyingi kiasi cha kubadilisha baadhi ya nilivyokuwa nikifikiri. Wanauliza: hiyo mikono unayoisifu ilikuwa ya nani? Baba alikaa kwenye kochi lake, rimoti kwenye paja, mikono imetulia. Mama alikuwa chini kwenye mkeka akichambua mchele wa kesho, na dada wa kazi alisimama mlangoni, akitazama kwa wizi kwa sababu hakualikwa kukaa. Mikono ya wanawake haikuwa na shughuli ya kupendeza roho. Ilikuwa kwenye zamu ya pili ya kazi. Leo mwanamke huyo huyo anajifungia chumbani na simu yake kwa nusu saa, hakuna anayemwagiza maji, halafu tunamwambia kwamba anavunja familia. Sina jibu la kuipindua hoja hii na sitafuti. Sebule ile ilikuwa na mfalme, na simu ndiyo kitu cha kwanza kilichompa kila aliyemo ndani ya nyumba kioo chake bila kumwomba mfalme ruhusa. Ni faida kubwa, na atakayetaka kurudisha zamani lazima aseme kama anarudisha na rimoti ya baba.

Lakini ndani ya hoja hiyo kuna vitu viwili vilivyochanganywa. Kuchambua mchele ni kazi. Mchele wa siku hizi unaletwa hauna mawe na hakuna anayesikitika. Kitambaa ni kitu kingine. Hakuna aliyemwagiza mama kufuma. Alimaliza mchele kwanza, akafunika ungo, akanawa mikono, ndipo akavuta kikapu chake kutoka chini ya kochi. Mara moja nilimwona akifumua mistari minne kwa sababu ya kosa moja ambalo hakuna mgeni ambaye angeliona hata angepewa miwani. Anayefanya kazi ya kulazimishwa hafumui. Mchele ulikuwa wetu, kitambaa kilikuwa chake, na ndicho kilichopotea. Mzigo wenyewe, kwa bahati mbaya, katika nyumba nyingi haujapungua sana. Mama wa leo bado anapika, anafua na kuwahi gari la alfajiri, na ile saa moja iliyokuwa yake inakwenda kwenye kidole gumba. Amepumzika, ndiyo. Ila nimewauliza walio karibu nami ni nini kilibaki mkononi baada ya mapumziko hayo, na jibu limekuwa kimya kifupi.

Kuna wanaosema pia kwamba hobi ni mambo ya Wazungu, kwamba mtu mwenye kodi ya nyumba na ada ya watoto hana nafasi ya kufuma kwa kupenda. Hao wanasahau pwani yao. Wanaume wanaocheza bao na dhumna kibarazani baada ya alasiri, wanawake wanaosuka ukili huku wakipiga soga, wanaoshona kofia kwa mkono kwa wiki na wiki, hawakusubiri Mzungu awafundishe kupenda jambo. Tulichokosa ni jina tu. Shuleni tuliandika hobi kwenye insha kama mtu anayejaza fomu: kusoma vitabu, kusikiliza muziki, kupata marafiki. Na Kiswahili chenyewe kimetuwekea neno ambalo nalifikiria mara kwa mara: uraibu. Vitabu vya shule, hasa vya Kenya, vimelitumia kwa maana ya jambo upendalo kulifanya wakati wa mapumziko. Ukilisikia leo redioni, linafuatwa na "wa dawa za kulevya", "wa kamari" au "wa simu". Neno moja linabeba kinachokujenga na kinachokumaliza, kwa sababu vyote viwili vinaanzia mahali pamoja, kwenye mazoea ya kila siku. Mkono ukizoea uzi, usipoupata unautafuta. Ukizoea kioo, nao ni hivyo hivyo.

Hoja ya mwisho naiheshimu sana, kwa sababu imenikalia nyumbani. Simu inafundisha. Mpwa wangu wa miaka kumi na saba alijifunza kroshia kwa simu, kwa msichana asiyemjua, katika lugha asiyoielewa; akafuma mkoba, akaupiga picha, akauza wa pili kwa rafiki yake wa shule. Bila simu asingeshika sindano ya kufumia, maana kwao hakuna aliyemwonyesha. Nilimtazama anavyofanya. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa nyuma, mikono yote miwili kwenye uzi, macho yakienda na kurudi. Simu iliyoegemezwa imegeuka runinga, na runinga inaachia mikono. Vivyo hivyo anayepika huku simu ikimsomea mawaidha au mahojiano marefu ameigeuza redio. Kisha ikalia ujumbe. Akaweka uzi chini, akaichukua ile simu mkononi, akasema, "Mjomba, nakuja," na tukala bila ule mstari kumalizika. Kifaa ni kile kile. Kilipohama kutoka kwenye kopo kwenda kiganjani, kila kitu kilibadilika.

Ndiyo maana sitarajii mengi kutoka kwenye marufuku. Nyumba zinazotangaza usiku bila simu ninazozifahamu huanza Jumatatu na kuchoka Alhamisi, kwa sababu mikono ikinyang'anywa simu haipewi kitu kingine. Inakaa tupu, inatafuta, na inakirudia ilichonyang'anywa kwa njaa zaidi. Mzazi anayetaka kupunguza simu sebuleni afikirie kwanza cha kuweka mezani: uzi na sindano mbili, bao, karata, kitabu cha kuchora, baiskeli ya kufungua gia, kunde za kumenya kwa wote, na kwa wote nina maana ya baba na wavulana pia. Runinga iwake tu kama watu wanaipenda. Haina ubaya ikiwa nyuma ya shughuli, inawapa wote kitu kimoja cha kukitolea maoni bila kulazimika kuangaliana. Na kama kuna anayehitaji kufunga mlango akae peke yake na simu yake, aachwe.

Vituo vya televisheni navyo vina la kufikiria. Vimeingiwa na hofu ya video fupi na vinaiga kasi yake, vipindi vinakatwakatwa, maandishi yanapita chini ya kioo mistari miwili kwa mpigo, muziki haunyamazi. Huko wanashindana na simu katika uwanja wake na watashindwa. Nguvu yao ni kwamba wanaweza kutazamwa na mtu mwenye kazi mkononi: tamthilia inayofuatika kwa sauti, mtangazaji anayeeleza kinachoonekana badala ya kusema "kama unavyoona", mazungumzo yanayovumilia dakika kumi. Serikali nayo, katika sera ya elimu ya toleo la 2023, imerudisha uzito kwenye elimu ya amali, yaani ya ufundi na kazi za mikono, na hilo ni jema. Lakini amali inafundishwa kama njia ya ajira tu, na mtoto akikosa soko la kazi ya mkono wake anaiacha. Mwalimu anayemfundisha kushona angemwachia pia nusu saa ya kushona kisichouzwa.

Mpwa wangu alikwama kwenye kona. Video inaonyesha mkono ukigeuza kwa haraka mno, hata akiipunguza kasi haelewi ni tundu lipi la kuingilia. Mwezi uliopita alikwenda kwa bibi yake, ndiye mama yangu, na mkoba wake nusu. Runinga ya pale iko ukutani siku nyingi, haina mgongo, na vitambaa vingi viko kwenye begi juu ya kabati. Kimoja tu bado kinafanya kazi, kidogo, cha ukubwa wa kiganja na nusu, alikifuma baada ya chogo kuondoka ili king'amuzi kisikae kwenye mbao tupu. Mama alikivuta kutoka chini ya king'amuzi, akapuliza vumbi, akamwonyesha kona juu yake huku tamthilia ikiendelea, na walipofika mahali pagumu waligeukia taa wote wawili, wakahesabu matundu kwa sauti.